Je, wajua kwa nini chanjo ya pneumokoki ya mtu mzima haimfai mtoto mchanga?

Kwa miaka mingi niliamini chanjo ya pneumokoki ni moja kwa watu wote, tofauti ikiwa kipimo tu: mtoto kidogo, mzee zaidi. Niliamini pia kwamba kila dozi ya nyongeza hujazia kinga juu ya ile ya kwanza, kama maji mtungini. Yote mawili si kweli, na hilo la pili ndilo lililonishangaza zaidi.

Pneumokoki, bakteria anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo, amejivika koti la sukari. Chanjo ya watu wazima ya mwaka 1983 ina makoti ya aina 23 za bakteria huyo, sukari tupu. Mtu mzima akichomwa, seli B, yaani seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, hasa za kwenye bandama, huishika sukari hiyo na kutoa kingamwili za kumkamata bakteria. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 seli hizo hazijakomaa, kwa hiyo mwitikio wake ni hafifu mno.

Anahitaji msaada wa seli T, seli nyingine za kinga zinazoziamuru seli B, nazo hazisomi sukari. Husoma protini tu. Basi wanasayansi wakaifunga sukari kwenye protini, mara nyingi sumu ya dondakoo iliyobadilishwa hata haidhuru tena. Seli B huvutwa na sukari, lakini humeza vyote viwili. Ndani huikatakata protini, kisha hutoa kipande nje, kama mtu anayeonyesha kitambulisho mlangoni. Seli T hukitambua kipande na kutoa ruhusa: zaliana, noa kingamwili, acha seli za kumbukumbu. Ruhusa imeombwa kwa protini, ila kingamwili zinazotoka zinaiwinda sukari. Sijaona ujanja mzuri kama huu katika elimu ya chanjo.

Kwa hiyo dozi ya nyongeza ya mtoto, karibu na umri wa mwaka mmoja, hupandisha kingamwili haraka, kwa kuwa kumbukumbu ipo. Sukari tupu haiachi kumbukumbu ya namna hiyo. Baadhi ya tafiti zimeona dozi yake ya pili ikileta kingamwili chache kuliko ya kwanza, pengine kwa sababu seli B zilizokuwepo zimetumika bila kuacha warithi. Hata hivyo, haijathibitishwa kwamba upungufu huo humfanya mtu augue zaidi.

Uzeeni kingamwili huweza kuwa nyingi, lakini nyingine hazishiki bakteria sawasawa. Bahati njema, wazee hulindwa pia na chanjo wasiyochomwa wao. Marekani ilipoanza kuwachanja watoto mwaka 2000, ugonjwa wa aina zilizomo kwenye chanjo ulipungua hata kwa wazee, maana maskani makuu ya bakteria huyu ni pua za watoto wadogo.