Keria Tupu Nayo Inakula Mafuta

Magari ya watalii yakirudi Arusha jioni kutoka hifadhini, tazama kioo cha nyuma. Kimefunikwa vumbi tupu, cha mbele kina nafuu. Gari lenye mgongo bapa likipita, hewa haiwahi kuziba nafasi iliyoachwa nyuma yake. Mgandamizo hapo unashuka, vumbi linanyonywa, na gari lenyewe linavutwa kurudi nyuma njia nzima. Injini inashindana na mvuto huo kwa mafuta yako.

Ndiyo maana watengenezaji wanahangaikia sana umbo. Toyota Prius ya 2016 ina kipimo cha ukinzani wa hewa cha 0.24 (kikiwa kidogo, gari linapasua hewa kwa urahisi zaidi), wakati magari mengi yenye bodi ya boksi hucheza kwenye 0.4 na kuendelea. Halafu kuna mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 100, nguvu ya hewa inayokuzuia inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwenye barabara iliyonyooka kuelekea Boma Ng'ombe, wengi wetu tunaipoteza pesa hapo.

Uzito unaumiza kwingine: mjini na milimani. Kila ukikanyaga breki, nguvu uliyoilipia kituo cha mafuta inageuka joto, na ukiondoka unaanza kuinunua upya. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa gari likipungua uzito kwa asilimia 10, umbali linaokwenda kwa lita moja huongezeka kwa asilimia 6 hadi 8. Pikapu ya Ford F-150 ya 2015, iliyopewa bodi ya alumini, ilipunguzwa uzito kwa kiasi kinachofikia kilo 318 hivi.

Inasikitisha basi kuona gari lililopunguzwa uzito na kuchongwa umbo kwa jasho hivyo likipelekwa gereji kuchomelewa ngao nzito ya chuma, ngazi, na keria ya juu ya paa isiyobeba kitu mwaka mzima. Keria ya bolti ifungue safari ikiisha. Mzigo unaoenea ndani usiuweke juu. Ila spea tairi na jeki viache, na fundi asikate chuma cha bodi eti apunguze uzito. Chuma hicho ndicho kinachomkinga abiria gari likigonga.

Upepo wa tairi pima asubuhi kabla ya kuondoka, tairi zikiwa bado za baridi, kwa kiwango kilichobandikwa pembeni mwa mlango wa dereva.