Peterborough: maktaba iliyotangulia jengo lake

Katika kazi yangu ya ukutubi nimejijengea mazoea ambayo baadhi ya wenyeji wangu huyaona kama utovu wa adabu: nikikaribishwa katika maktaba ya kata au ya mji mdogo, kabla sijaangalia rafu huomba kuonyeshwa daftari la hesabu. Nilianza hivyo baada ya kupelekwa kwenye jengo moja zuri, lenye vigae vipya na kibao cha mfadhili mlangoni, nikakuta gazeti la karibuni kabisa lilikuwa la miaka minne nyuma. Fedha za kujengea zilipatikana mara moja. Za kununulia vitabu hazikuwahi kutengewa fungu.

Ndiyo maana nikifundisha historia ya maktaba za umma huanzia Peterborough, mji mdogo wa viwanda vya pamba kandokando ya mto Contoocook, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, ambao wakati huo ulikuwa na wakazi wapatao 2,000. Tangu mwaka 1821 jimbo hilo lilikuwa likizitoza benki kodi kwa kadiri ya mitaji yao, kwa nia ya kuanzisha chuo kikuu cha jimbo. Chuo hakikuanzishwa, na mwishoni mwa muongo huo ikaamuliwa kwamba fedha zigawiwe miji, zitumike kwa shule za watoto wote au kwa shughuli nyingine za elimu. Miji iliyo mingi ilizielekeza zote shuleni, jambo ambalo halina lawama. Peterborough, katika mkutano wa wananchi wa tarehe 9 Aprili 1833, iliamua sehemu ya mgawo wake inunue vitabu vya maktaba ambayo kila mkazi angeazima bila kulipa ada. Anayetajwa kuwa nyuma ya wazo hilo ni mchungaji Abiel Abbot, wa madhehebu ya Yunitari, aliyekuwa amehamia mjini hapo miaka michache tu kabla.

Jengo halikuwepo. Vitabu viliwekwa katika duka la bidhaa mchanganyiko ambalo humo humo ndimo ilimokuwa posta ya mji, kwa hiyo aliyefuata barua au mahitaji ya nyumbani aliweza kurudi na kitabu kwapani. Mimi naona mpango huo ulikuwa na busara kuliko maktaba nyingi zilizochorwa na wasanifu: kitabu kiliwekwa mahali ambapo watu walikuwa wakipita tayari. Rafu zenyewe, hata hivyo, zilijaa dini, historia na wasifu wa watu mashuhuri, na riwaya zilikuwa chache mno.

Je, hii ndiyo ilikuwa maktaba ya kwanza ya bure kugharimiwa na fedha za umma? Hapa wenzangu hubishana, na ubishi wenyewe una maana. Mji wa Franklin, Massachusetts, ulipochukua jina la Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, ulimwomba kengele ya kanisa. Yeye akapeleka vitabu, akisema kwamba akili ni bora kuliko sauti, na mwaka 1790 mkutano wa mji ukaamua viazimwe na wakazi wote bure. Salisbury, Connecticut, ilipokea vitabu 150 vya vijana kutoka kwa muuzaji vitabu Caleb Bingham mwaka 1803, kisha mwaka 1810 mji ukaidhinisha dola 100 za kuviongezea. Kwa hiyo anayetafuta vitabu vya bure atasimama Franklin, na anayetafuta fedha za umma kwa mara ya kwanza anayo haki ya kusimama Salisbury. Ila katika miji hiyo miwili mbegu ilikuwa zawadi ya mtu mmoja. Peterborough haikungoja zawadi: maktaba ilizaliwa kwa kura, kwa fedha za umma, kwa ajili ya watu wa rika zote, na fedha hizo ziliendelea kutengwa. Kigezo hicho cha mwisho ndicho ninachokipa uzito, nami nakiri kwamba lile gazeti la miaka minne linachangia hukumu yangu.

Sheria ilikuja nyuma ya desturi. Mwaka 1849 New Hampshire ikawa jimbo la kwanza la Marekani kuiruhusu miji yake yote kutoza kodi kwa ajili ya maktaba, na mwaka uliofuata bunge la Uingereza likapitisha sheria yake ya maktaba za umma, iliyobana kiwango cha kodi kisizidi nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya mali. Tanganyika ilipopata uhuru ilishika njia tofauti: badala ya kuuachia kila mji upige kura yake, sheria ya mwaka 1963 iliunda bodi moja ya huduma za maktaba kwa nchi nzima.

Peterborough ilipata jengo rasmi la maktaba mwaka 1893, miaka 60 baada ya ile kura. Mchoro wake ulitolewa na George Shattuck Morison, mhandisi ambaye kazi yake hasa ilikuwa kujenga madaraja ya reli.