Ridhaa: kibali asichoweza kukutolea mwenyekiti wa kijiji

Wapiga filamu za makala huyachanganya maneno mawili kila siku: kibali na ridhaa. Hapa Tanzania, kibali unakipata Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Kisha unaripoti wilayani, kwa mtendaji na kwa mwenyekiti, mpaka barua yako inakosa pa kugonga muhuri. Ridhaa haina muhuri. Ni kukubali kwa yule atakayekaa mbele ya kamera, akijua anakubali nini na akiwa na nafasi ya kukataa. Neno hili ni ndugu wa radhi na kuridhika. Asiyeridhika hajatoa ridhaa hata akiweka dole gumba.

Tuseme unashuti makala kuhusu lumbesa, yale magunia yanayojazwa viazi kupita mdomo na kufungwa kamba juu, ambayo sheria ya vipimo inayakataza na madalali wanayadai. Umepanda kutoka Uyole, Mbeya, kuelekea milima ya Uporoto, ukungu unashuka, betri imebaki moja na gari la kukodi linakula hela. Mwenyekiti anakupeleka shambani kwa mama mmoja. "Mama, hawa ni wageni wetu, watakuhoji kidogo." Mama anapangusa udongo mikononi. "Haya."

Hiyo "haya" inaweza kuwa heshima kwa mgeni. Inaweza kuwa woga, maana kesho mama atamhitaji mwenyekiti huyohuyo kwa shida nyingine. Inaweza kuwa "malizeni nirudi kwenye matuta yangu". Huenda na ridhaa imo, ila bado hujaiuliza.

Kuiuliza ni kukaa chini kamera ikiwa kwenye begi na mwenyekiti akiwa mbali kidogo, na kama Kiswahili kinampa tabu, apatikane mtu wa kumweleza kwa Kisafwa. Unamwambia makala inahusu nini na itaonyeshwa wapi. Usiishie kusema "mtandaoni". Mwambie mwenye simu yeyote ataiona. Hapo ndipo linapokuja swali lenye uzito kuliko fomu yako: "Na dalali ataiona?"

Ataiona. Wanunuzi wanaofika kijijini kwake ni walewale kila msimu, na akitajwa mmoja, viazi vya mama vinaweza kukaa shambani hadi vioze. Kumficha uso hakutoshi. Kijijini watu wanatambuana kwa sauti, kwa kanga, hata kwa mteremko wa shamba. Fomu nazo, nyingi nilizoziona ni za Kiingereza, zimenakiliwa tu, na zinamlinda mwenye kamera. Afadhali umrekodi akieleza kwa maneno yake alichokielewa.

Ridhaa pia hutolewa na kurudishwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa aliyoitoa kuhusu taarifa zake. Kwa mpiga filamu anayejitegemea, asiye na kituo cha televisheni nyuma yake, hapa ndipo panapouma: kipande kimoja kikiondolewa, safari nzima imekwenda na maji. Hata hivyo, mimi naona mama aonyeshwe kipande chake kabla hakijatoka, hata kwenye simu. Wengi hawarudi kwa sababu bajeti huishia kwenye uhariri. Nauli ya kurudi Uporoto itengwe siku ya kwanza, kabla ya kukodi lenzi.

Mtoto akihusika, mzazi aulizwe, na mtoto mwenyewe pia.

Imebaki posho, ambayo wengine huiita rushwa. Mama ameacha kazi yake nusu siku; kumfidia si dhambi. Ubaya ni pale pesa inapotangulia maelezo, kwani hapo "haya" imeshanunuliwa. Mwambie mapema kuwa hiyo ni ya muda wake, na kwamba hata akiamua kunyamaza katikati ya mahojiano atapewa ileile.