Kahawia ile si uchafu: dhana potofu kuhusu michoro ya wino ya Kiholanzi

Wenye michoro ya zamani ya Uholanzi, ile ya mashua na meli za ufukweni, huniletea na ombi lilelile: "Niondolee huu uchafu wa kahawia." Nimelisikia vya kutosha.

Dhana: Kahawia ni uchafu, au ndiyo rangi aliyoikusudia mchoraji. Mara nyingi si hili wala lile. Wino uliotumika sana Ulaya katika karne ya 17 ulitokana na vivimbe vya mti wa mwaloni, chumvi ya chuma na gundi ya mgunga. Ulipokauka ulikuwa mweusi. Kahawia imekuja na miaka. Wanaouita wino wa ngisi nao wanakosea, maana huo ulienea kwa wachoraji mwishoni mwa karne ya 18. Ubaya wa wino wa chuma ni kwamba una asidi, na chuma kilichosalia huendelea kuila karatasi. Tazama ubavu wa meli, pale kalamu ilipokoleza kivuli, kisha pindua karatasi: mistari ileile imetokeza nyuma, na penye wino mzito pana nyufa, pengine hata tundu. Ukiutia mchoro maji, unasambaza chuma na asidi hadi mahali palipokuwa salama. Mimi kwanza hugusisha kipande cha karatasi ya kupimia chenye unyevu kidogo. Kikigeuka waridi, chuma bado kinafanya kazi. Tiba ya kalsiamu faiteti, kemikali inayokifunga chuma, ipo, ilibuniwa hukohuko Uholanzi miaka ya 1990, lakini ni kazi ya fundi, si ya beseni la nyumbani. Na tafadhali, mchoro usiufanyie lamineshi. Kamwe!

Dhana: Boti iliyolala mchangani imepata ajali. Scheveningen, kijiji cha wavuvi cha pwani ya Uholanzi, hakikuwa na bandari hadi 1904. Wavuvi walikuwa na boti za chini bapa, wakizipandisha ufukweni makusudi.

Dhana: Mchoro wa wino ni rasimu tu. Mingine ndiyo, lakini Willem van de Velde Mzee (1611–1693) alichora meli kwa kalamu juu ya mbao na turubai zilizopakwa weupe, zikauzwa kama kazi kamili.

Dhana: Sahihi inatosha kuthibitisha mchoraji. Herufi mbili tatu mtu yeyote anaweza kuziongeza. Anza na karatasi: iinue kwenye mwanga, utafute alama ya maji, yaani ile nembo ya mtengenezaji iliyomo ndani ya karatasi yenyewe.

Ukitaka kuutundika mchoro, uwe mbali na dirisha, mwanga usizidi lux 50 (kipimo cha mwanga), na baada ya miezi michache urudi boksini.