Kanuni hukubana kwanza, Bunge huja baadaye: tunayoyaamini vibaya kuhusu sheria ndogo

Julai 15, 2021, tozo mpya zilianza kukatwa kwenye miamala ya simu nchini Tanzania, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Lawama zote zikaelekezwa Dodoma: wabunge mlipitishaje jambo hili? Swali lilikuwa la haki, ila lilikamata nusu tu ya habari. Bunge lilirekebisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa na kuruhusu tozo. Viwango vyenyewe, vile vilivyomkata mama anayemtumia mwanawe ada ya shule, vilikaa kwenye kanuni za waziri. Ndiyo maana kabla miezi miwili haijaisha serikali ilitangaza kuvipunguza kwa asilimia 30, na hakuna muswada uliohitajika kurudi bungeni.

Nimeona watu wasomi kabisa wakijikwaa hapa, kwa hiyo nianze na dhana iliyo mzizi wa nyingine zote.

"Sheria ni ile inayopitishwa na wabunge, basi."

Sivyo. Ibara ya 97(5) ya Katiba inaliruhusu Bunge kumkabidhi mtu au idara ya serikali madaraka ya kutunga kanuni zenye nguvu ya sheria. Hizo ndizo sheria ndogo. Sheria mama, yaani ile iliyopitishwa na Bunge, husema jambo kwa ujumla, kisha waziri, mamlaka ya udhibiti au halmashauri hujaza yaliyobaki: ada ya leseni, ukubwa wa tundu la wavu, fomu ya kujaza, muda wa kukata rufaa. Mwenye blogu aliyetakiwa kulipia leseni mwaka 2018 alibanwa na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Sheria mama ya mawasiliano ilikuwepo tangu 2010.

Sioni ubaya katika utaratibu huu wenyewe. Wabunge hawawezi kukaa kujadili tundu la wavu kila samaki wanapopungua. Ubaya huanza pale aliyekabidhi madaraka asipoangalia yanavyotumika.

"Kanuni haiwezi kuanza kutumika mpaka Bunge liikubali."

Hapa ndipo wengi tunapoumia. Kwa kawaida kanuni huanza kutumika siku inapotangazwa kwenye Gazeti la Serikali, chapisho rasmi la matangazo ya serikali, au siku nyingine iliyotajwa ndani yake. Bunge huja nyuma. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 38, inataka kanuni iwasilishwe mezani bungeni ndani ya siku sita za vikao baada ya kutangazwa. Mbunge akitaka ikataliwe, taarifa ya azimio itolewe ndani ya siku 14 za vikao tangu iwekwe mezani. Azimio likipita, kanuni inakoma. Isipowasilishwa kabisa, nayo inakoma.

Soma tena maneno "siku za vikao". Hizi si siku za kalenda, ni siku ambazo Bunge linakaa. Bunge la bajeti huahirishwa mwishoni mwa Juni, na mkutano unaofuata huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba. Kanuni iliyochapishwa Julai inaweza kukusanya fedha wiki nane saa ya Bunge ikiwa haijasogea hata dakika moja. Tozo za simu zilianza kukatwa katika pengo hilo hilo.

Kanuni zikishafika mezani, mzigo unaangukia Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Sheria Ndogo. Hukagua kama kanuni imevuka mipaka ya sheria mama, kama faini imezidi kiwango kinachoruhusiwa, kama kifungu kinarejea jedwali ambalo halipo, kama masharti yanatekelezeka kwa mtu wa kawaida. Kisha huwaita wahusika wa wizara, na mara nyingi dosari hurekebishwa na waziri mwenyewe bila kufikia azimio la kukataa. Ni kazi ya kusoma karatasi moja moja. Haina kamera wala makofi, na mimi naiheshimu kuliko hotuba nyingi zinazosambaa mitandaoni.

"Bunge likiifuta kanuni, nitarudishiwa nilicholipa."

Kifungu hicho hicho kinasema kukoma kwa kanuni hakugusi uhalali wa yaliyokwisha kufanyika chini yake. Azimio peke yake halikurudishii chochote. Kwa sababu hiyo kuchelewa kuna gharama, na anayeilipa ni mwenye duka na mwenye bodaboda.

"Bunge likinyamaza, maana yake kanuni ni halali."

Kunyamaza kwa Bunge hakuitakasi kanuni. Sura ya 1 inasema sheria ndogo inayopingana na sheria iliyoizaa, au na sheria nyingine ya Bunge, ni batili kwa kiasi cha kupingana huko, na mahakama inaweza kutamka hivyo hata kama kamati haikuliona kosa.

Wakenya wamelipima jambo hili kwa mizani tofauti kidogo. Sheria yao ya mwaka 2013 inataka kanuni ifike bungeni ndani ya siku saba za vikao, la sivyo inapoteza nguvu. Kamati isipotoa ripoti ndani ya siku 28, kanuni inahesabiwa kuwa imetimiza vigezo. Upande mwingine, kanuni yao hufikia ukomo wake yenyewe baada ya miaka kumi, isipoongezewa muda. Hilo la ukomo ningelitamani sana kwetu. Bado tunabanwa na kanuni ambazo waliozisaini wamekwisha kustaafu.

"Ushuru wa soko ni mambo ya madiwani, Bunge halihusiki."

Sheria ndogo za halmashauri nazo hupita mbele ya kamati ile ile ya Dodoma. Lakini kwa hizi usingoje Dodoma. Halmashauri hutakiwa kuwatangazia wakazi rasimu ili watoe pingamizi kabla haijapelekwa kwa waziri. Kijijini, rasimu hupitia mkutano mkuu wa kijiji kabla halmashauri ya wilaya haijaidhinisha. Tangazo hubandikwa ubaoni na mvua inalikuta pale pale, halijasomwa.

Ukidaiwa ada usiyoielewa, muulize anayekudai: hii ni kwa Tangazo la Serikali namba ngapi, la mwaka gani? Hiyo ndiyo namba ambayo kanuni huchapishwa nayo kwenye Gazeti la Serikali. Asipokuwa na namba, omba akupe kwa maandishi kabla hujatoa fedha. Akiwa nayo, itafute usome kifungu kinachotaja sheria mama, kisha uione sheria mama inaruhusu nini. Ukikuta kiwango kimezidi, mwandikie mbunge wako na Katibu wa Bunge, ukitaja namba ya tangazo na kifungu. Barua yenye namba hiyo inaweza kufika kwenye kamati siku 14 zikiwa bado zinahesabika.