Mkataba wa kununua umeme wa sola kwenye majengo ya serikali ni kitu gani?

Watu wengi wakiona paa la ofisi ya serikali limejaa paneli wanajua serikali imezinunua, kumbe wakati mwingine hata moja sio yake. Iko hivi, kampuni binafsi inatafuta hela yenyewe, mtaji wake au mkopo wa benki, inafunga mitambo kwenye paa au kiwanja cha serikali alafu inabaki kuwa mwenye mali, matengenezo juu yake, na serikali inanunua tu umeme unaotoka pale kwa bei waliyokubaliana kwa kila uniti, miaka 15, 20 mpaka 25. Huo ndo mkataba wenyewe. Inveta (kifaa kinachobadilisha umeme wa paneli uweze kutumika kwenye jengo) ikiungua umeme ukakatika, kwa kawaida serikali hailipi uniti ambazo hazijazalishwa, na kwangu hilo ndo zuri kuliko yote.

Sasa kwanini isinunue paneli zake? Kwanza bajeti, gharama ya sola karibu yote iko mwanzoni na bajeti inapitishwa mwaka kwa mwaka. Pili kodi. Marekani kwa miaka mingi anayewekeza kwenye sola alipewa punguzo la kodi hadi 30%, ila serikali hailipi kodi, sasa ipunguziwe nini? Kampuni ndo ilichukua punguzo ikashusha bei ya uniti. Kambi ya jeshi la anga ya Nellis, Nevada, ilifanya hivyo 2007, megawati kama 14 kwenye ardhi ya jeshi, sehemu yake lilikuwa dampo la zamani ambalo usingejenga kitu kingine, na jeshi halikutoa hela ya ujenzi.

Ila jamani msiite sola ya bure! Angalieni kipengele cha kupandisha bei, ikipanda 3% kila mwaka basi mwaka wa 20 mnalipa kama 75% zaidi ya mlivyoanza, na umeme wa gridi usipopanda hivyo mmeumia, na hela inayoumia ni ya walipa kodi. Na paa nalo, kama litaezekwa upya baada ya miaka 5, nani analipia kushusha paneli na kuzirudisha? Iandikwe mapema. Hivyohivyo mwisho wa mkataba, iandikwe kabisa kama serikali itanunua mtambo, itaongeza muda, au kampuni itang'oa kila kitu kwa gharama zake.