Mlonge na vitunguu havitoshi kutibu saratani ya mapafu

Unga wa mlonge, choya na chai ya kijani huuzwa Dar es Salaam kwa maelezo kwamba "vinaua saratani". Madai hayo hayakuzuka hewani, ila wauzaji husimulia nusu tu.

Mimea hiyo ina flavonoidi, kemikali zinazochangia rangi ya mimea na kuikinga na jua kali. Inayochunguzwa sana ni kwesetini, iliyomo kwenye vitunguu vyekundu na majani ya mlonge. Maabara nyingi huijaribu kwenye seli za A549, zilizotokana na uvimbe wa mapafu wa mgonjwa mmoja mwaka 1972. Kwesetini ikiwekwa kwenye seli hizo, huzima baadhi ya ishara za ukuaji; seli huacha kugawanyika, nyingine hujiua zenyewe.

Kinachokwamisha ni dozi. Maabarani hutumika mikromoli (kipimo cha wingi wa kemikali) 10 hadi 100 kwa lita. Mtu akila vitunguu, kiwango katika damu kwa kawaida hakifiki hata mikromoli 1, maana utumbo na ini huibadilisha kwesetini upesi kabla haijafika kwenye mapafu. Hata flavopiridoli, dawa iliyoundwa kwa kufuata umbo la flavonoidi, ilipojaribiwa peke yake kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu haikuonyesha matokeo ya maana.

Kula vitunguu na mlonge, basi, lakini kama chakula. Kwesetini imejaa zaidi tabaka za nje za kitunguu, kwa hiyo toa ganda kavu tu. Ukikichemsha, usimwage maji. Sehemu yake huhamia humo.

Vidonge ni habari nyingine. Betakarotini, rangi ya chungwa iliyomo kwenye karoti, si flavonoidi, lakini nayo ilisifiwa hivihivi: mwaka 1994 utafiti wa Ufini kwa wanaume 29,133 wavutaji sigara ulionyesha kuwa waliomeza miligramu 20 kila siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi kuliko wasioimeza.

Anayetumia erlotinibu au gefitinibu, vidonge vya hospitali vya saratani ya mapafu, aepuke juisi ya balungi: hupunguza kasi ya mwili kuvunja dawa, ikarundikana, upele na kuhara vikazidi. Unga wowote wa miti shamba mwonyeshe daktari, pakiti yenyewe si jina tu, kabla ya dozi inayofuata.

Na kikohozi kikizidi wiki mbili, pima TB. Majibu yakiwa hasi, au dawa za TB zisipoleta nafuu, omba picha ya kifua; kivuli kikionekana, kipimo cha kinyama (kipande kidogo kinachotolewa kwenye uvimbe) ndicho kitakachoamua. Kuanza unga wa mlonge wakati huo ni kupoteza miezi ambayo uvimbe ungeweza kukatwa.